Mtoto wa Mbwa Aliyekonda na Kunyonyoka Manyoya

Wengi wetu tunaofuga mbwa wa ulinzi humwona mtoto wa mbwa mwenye mbavu za kuhesabika na tumbo lililotuna, tukadhani ameshiba. Mara nyingi tumbo hilo ni dalili ya minyoo. Minyoo ya duara humwingia angali tumboni mwa mama yake, na mingine humfikia kupitia maziwa; kwa hiyo hata aliyezaliwa katika banda safi huwa nayo. Dawa huanza kutolewa afikapo wiki 2, ikarudiwa kila baada ya wiki 2 hadi aachishwe kunyonya, na mama yake hutibiwa pamoja naye. Kipimo hutegemea uzito, hivyo apimwe kwanza, walau kwa mizani ya kuning'iniza, akiwa ndani ya kikapu.

Bila dawa, chakula kingi huishia kulisha minyoo. Ugali mtupu nao haumjengi; uchanganywe na dagaa waliochemshwa, wasio na chumvi, apewe kidogo kidogo mara 3 au 4 kwa siku.

Manyoya yakinyonyoka na ngozi kufanya magamba, huenda ni upele uletwao na vidudu visivyoonekana kwa macho, ambavyo vingine huwahamia hata watu. Oili chafu ya gari, ambayo wapo wangali wakiipaka, huunguza ngozi na kumdhuru ailambapo. Afisa mifugo wa kata aikague ngozi hiyo na kuelekeza dawa ifaayo.

Kinyesi kizolewe kila siku na kufukiwa, kwa kuwa mayai ya minyoo hiyo huwapata watoto wachezao mchangani. Atimizapo miezi 3, apelekwe kuchanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa.