Skii kwa mara ya kwanza: safari inayoanza kabla ya theluji

Skii ni mchezo wa kushuka mteremko wa theluji kwa mbao mbili ndefu na nyembamba, kila moja ikiwa imefungwa kwenye kiatu kigumu. Mtu asiyewahi kuugusa anaweza, kwa siku chache za mafunzo, kushuka mteremko mdogo, kukata kona na kusimama anapotaka. Wanaorudi wakiuchukia mara nyingi hawakushindwa kwa sababu ya uoga wala umri. Waliponzwa na kiatu kisichowatosha, nguo zilizolowa, au mteremko mkali waliopelekwa mapema mno. Yote matatu yanazuilika kwa maandalizi.

Kuzaliwa mbali na baridi si kikwazo. Mkimbiaji wa Kenya, Philip Boit, alianza kujifunza skii ya masafa nchini Finland mwaka 1996. Miaka miwili baadaye alishindana katika kilomita 10 za Olimpiki ya Majira ya Baridi huko Nagano, Japani. Alimaliza wa mwisho, na bingwa wa mbio hizo, Bjørn Dæhlie wa Norway, akamsubiri mwishoni ili ampongeze. Mwaka 2018, Sabrina Simader, aliyezaliwa Kenya na kulelewa Austria, aliiwakilisha Kenya huko Pyeongchang katika skii ya milimani, ambayo ndiyo wasafiri wengi hujifunza.

Jambo la kwanza ni kuchagua kituo, na umaarufu wake usiwe kigezo. Katika milima ya Alps miteremko hupangwa kwa rangi: bluu ni rahisi, nyekundu ni ya wastani, nyeusi ni ya mabingwa. Ufaransa huongeza kijani, iliyo rahisi kuliko bluu. Marekani na Kanada hutumia duara la kijani, mraba wa bluu na almasi nyeusi, na bluu yao ni ya wastani, si ya wanaoanza. Kituo kinachomfaa mwanagenzi kina uwanja mpana wenye mwinuko mdogo, mkanda wa umeme unaowapandisha watu wakiwa wamesimama, na njia kadhaa rahisi za kuendelea nazo siku zinazofuata.

Barani Afrika kipo kituo cha Afriski nchini Lesotho, katika milima ya Maluti, zaidi ya mita 3,000 kutoka usawa wa bahari. Msimu wake ni kuanzia Juni hadi Agosti. Kwa wanaoishi au kupitia Ghuba, Ski Dubai imekuwa na theluji ndani ya jengo mwaka mzima tangu 2005. Saa chache hapo humsaidia mtu kujua kama mchezo unamfaa kabla ya kulipia wiki nzima Ulaya.

Katika Alps msimu ni kuanzia Desemba hadi Aprili. Krismasi na likizo za shule za Februari hujaza watu na kupandisha bei. Katikati ya Januari huwa na utulivu, ila baridi ni kali. Machi ina siku ndefu na jua zaidi, na humfaa sana anayeanza.

Anayehitaji viza ya Schengen anaweza kuiomba kuanzia miezi sita kabla ya safari, na asichelewe hadi zimebaki pungufu ya siku 15. Viza hiyo hudai bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000, lakini bima nyingi za kawaida za safari haziigusi michezo ya theluji. Msomaji wa mkataba atafute mambo mawili: gharama za kuokolewa mlimani, ikiwemo helikopta, na fidia kwa mtu atakayeumizwa naye. Italia imeifanya bima hii ya pili kuwa lazima kisheria tangu Januari 2022.

Mwili nao uandaliwe wiki sita hadi nane kabla. Skii hutumia mapaja, makalio na misuli ya kiuno, na goti ndilo huumia mara nyingi, hasa kano zake. Mazoezi hayahitaji ukumbi: kuchuchumaa nusu na kuinuka, kuegemea ukuta magoti yakiwa yamekunjwa, kusimama kwa mguu mmoja, na kupanda na kushuka ngazi. Kushuka kuna faida ya pekee, kwa sababu huzoeza misuli ya paja kuhimili uzito huku ikirefuka, kama itakavyofanya mlimani.

Nguo huvaliwa kwa tabaka tatu: ya ndani inayofyonza jasho, ya kati inayotunza joto, na ya nje inayozuia maji na upepo. Pamba haifai kugusa mwili, kwani hulowa jasho na kubaki baridi. Kwa kuwa ndiyo kanuni ya wapandaji wa Kilimanjaro, sehemu kubwa ya mavazi yao inaweza kutumika. Yaongezwe glavu zisizopenya maji, miwani ya theluji na helmeti. Mafuta ya kukinga jua ni ya lazima kwa ngozi ya rangi yoyote: mionzi mikali ya jua huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 za mwinuko, na theluji mpya huweza kurudisha hadi asilimia 80 ya mionzi hiyo usoni.

Mbao, fimbo na viatu hukodishwa kituoni, na kiatu ndicho kipewe muda mrefu kuliko vyote. Mguu hupimwa kwa sentimita. Ndani ya kiatu huingia soksi moja tu, ndefu na nyembamba; soksi mbili hukunjamana na kuleta malengelenge, na ncha ya suruali ya ndani ikiingizwa humo hukandamiza muundi. Mtu akisimama wima, vidole vya miguu viguse kidogo mbele ya kiatu. Akikunja magoti na kuegemea mbele, virudi nyuma kidogo. Kisigino kikinyanyuka, kiatu ni kikubwa. Kinachouma dukani kitauma zaidi mlimani, hivyo kibadilishwe papo hapo bila kuona haya.

Fundi wa duka huuliza uzito, kimo, umri na kiwango cha ujuzi, kisha hurekebisha vifungio vinavyoshika kiatu kwenye ubao. Vikilegea mno, ubao hutoka bila sababu. Vikikaza mno, haufunguki mtu anapoanguka, na mguu hupindwa. Majibu yawe ya kweli, hata kuhusu uzito. Ubao wa mwanagenzi huwa mfupi, hufika karibu na kidevu.

Fedha iliyobaki itumike kwa mwalimu. Shule za skii ni za zamani: Hannes Schneider alianzisha yake huko St. Anton, Austria, mwaka 1921, akifundisha kwa hatua zinazofuatana, na utaratibu huo ungali msingi wa mafunzo mengi. Siku ya kwanza mwanafunzi hutembea kwa ubao mmoja, hujifunza kuanguka kwa ubavu na kuinuka, kisha huweka mbao kwa umbo la kabari, ncha za mbele zikikaribiana na za nyuma zikiachana, ili apunguze mwendo. Hofu humfanya mtu aegemee nyuma, na hapo hupoteza uwezo wa kuziongoza mbao. Mwalimu huliona kosa hilo mapema. Rafiki mwenye ujuzi kwa kawaida hana subira wala mbinu ya kulirekebisha.

Shirikisho la kimataifa la mchezo huu, FIS, lina kanuni kumi za mwenendo. Aliye nyuma humpisha aliye mbele yake chini. Anayetaka kupumzika husimama pembeni, panapoonekana. Anayeanza tena hutazama juu kwanza. Anayekuta ajali husaidia. Namba ya dharura Ulaya ni 112. Njia zilizowekwa alama zisiachwe, kwani nje yake kuna hatari ya maporomoko ya theluji.

Uchovu ni hatari nyingine. Hewa ya juu ni nyepesi na kavu, hivyo maji yanywewe hata bila kiu. Mapaja yakianza kutetemeka, siku imekwisha, hata kama tiketi ya kupandishwa mlimani ingali na saa mbili. Penye gondola, yaani kibanda kinachoning'inia kwenye waya, mwanagenzi aliyechoka ashuke nayo. Atakayelala na nguvu zilizosalia ndiye atakayejifunza zaidi kesho yake.