Binti Amekua: Vazi Lake li Wapi?



Habari ya mavazi ya mabinti ikitajwa, aghlabu hutajwa kwa lawama. Barazani ni lawama, sokoni ni lawama, na sisi walimu tukiisha kushika kitabu mkononi huzidisha lawama juu ya lawama. Mwezi huu twapenda kuanza kwa kujilaumu wenyewe, kwani lipo jambo lililotupata ambalo halikutuacha kama tulivyokuwa.

Kwetu Kisiwani, chini ya milima ya Upare upande wa mashariki, katika njia itokayo Same kwenda Gonja na Ndungu, tuna darsa ya mabinti kila Jumamosi baada ya sala ya Alasiri. Siku moja aliingia binti wa miaka kumi na tisa, aliyemaliza masomo yake ya sekondari ya bweni. Gauni lake lilikuwa limembana mabegani, na pindo lilikuwa limepanda juu ya vifundo vya miguu. Tulimkemea papo hapo, mbele ya wenziwe. Hakujibu neno. Alikusanya vitabu vyake, akainamisha kichwa, akatoka. Na Jumamosi tatu zilizofuata hatukumwona.

Jumamosi ya nne mke wetu alikwenda kwao kumjulia hali. Huyo binti alimfungulia sanduku lake la nguo. Ndani mlikuwamo sare mbili za shule aliyokwisha kuiaga, gauni la Idi la miaka miwili iliyopita, ambalo ndilo tulilomkemea kwalo, na dira la mama yake lililoweza kuwaingia watu wawili. Alikuwa amemwomba baba yake kitambaa, naye akaambiwa angoje aolewe, mumewe atamvika.

Akasema, "Mama, ya utotoni yanibana, ya mama yanizika. Yangu mimi i wapi?"

Maneno hayo yalipotufikia tuliona haya. Tulikuwa tumemhukumu mtoto wa watu kwa kosa la wazazi wake, na kosa letu sisi tulioketi naye miaka yote tukimfundisha yaliyokatazwa, wala tusimfundishe hata siku moja namna ya kuchagua lililo jema.

Ndugu zetu, huu ndio umri tunaousahau. Mtoto mdogo hushonewa na mama. Mwanafunzi huvaa sare. Mwanamke aliyeolewa huletewa nguo na mumewe, au hununua kwa fedha yake. Lakini binti wa miaka kumi na minane hata ishirini na tano, aliyetoka shule na bado yu kwao, nani amfikiriaye? Tusipomfikiria sisi, picha za simu zitamfikiria, na rundo la mitumba sokoni litamchagulia. Kisha atakapotoka amevaa alichokipata, tutasimama njiani kumtazama kwa jicho kali.

Dini yetu haikumsahau. Tazameni Surat An-Nur. Katika aya ya 31 wanawake waumini wameamrishwa kuteremsha shungi zao mpaka vifuani na kutodhihirisha mapambo yao. Katika aya ya 60 ya sura iyo hiyo, wanawake wazee wasiotarajia tena ndoa wamepewa ruhusa ya kupunguza nguo zao za juu bila ya kujishaua, na kujizuia ni bora kwao. Basi Mwenyezi Mungu mwenyewe ametenga hali ya umri na umri katika jambo la mavazi. Itakuwaje sisi tuwavike wote namna moja? Tena tusisahau ya kuwa aya ya 30, iliyotangulia amri ya wanawake, inawaamrisha wanaume wainamishe macho yao. Mwanamume apendaye kuisoma aya ya 31 kwa sauti kubwa, na aianze ile ya 30.

Wala tusidhani ya kuwa stara ni adui wa uzuri. Katika Sahihi ya Imamu Muslim imepokewa ya kwamba mtu mmoja alimwuliza Mtume (S.A.W.) habari ya mtu apendaye nguo nzuri na viatu vizuri, kama hicho ni kiburi. Mtume alimfahamisha ya kuwa Mwenyezi Mungu ni mzuri na hupenda uzuri, na kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Binti apendaye kupendeza hakutoka katika dini.

Na watu wa nchi zetu wamelijua hili tangu zamani. Katika karne ya 19 misafara ya biashara kutoka Pwani ilipita chini ya milima hii yetu, na nguo ilikuwa miongoni mwa bidhaa zake kubwa: merikani isiyotiwa rangi, na kaniki ya buluu iliyokoza. Unguja, kaniki ilikuwa vazi la watumwa. Utumwa ulipoondolewa katika sheria mwaka 1897, wanawake walioachwa huru waliitupa kaniki wakachukua kanga za rangi na nakshi, na wengine wakajifunika mabuibui waliyokuwa wakiyaona kwa mabibi zao. Mwanamke aliyeketi miaka mingi akivikwa alichopewa alitaka kuchagua mwenyewe vazi la heshima. Hilo si jambo dogo, wala si upuuzi wa wanawake.

Amri peke yake nayo tumekwisha kuijaribu. Mwezi wa Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyoanza Dar es Salaam tarehe 1 Januari 1969, kupiga marufuku sketi fupi, suruali za kubana, nywele za bandia na dawa za kuchubua ngozi. Wasichana wengine walisumbuliwa njiani kwa ajili ya nguo zao. Je, vitu hivyo vilitoweka? Havikutoweka. Mtu huambiwa vua, akavua. Lakini asipoonyeshwa la kuvaa, kesho atalivaa lile lile.

Basi na tuonyeshane. Haya yafuatayo tumeyakusanya kwa mke wetu, na kwa akina mama wa hapa, na kwa fundi cherehani mmoja mwenye subira.

Kwanza ni kitambaa. Huku kwetu bondeni jua ni kali, na nailoni hushika mwili na kuhifadhi jasho. Pamba ndiyo nguo ya joto. Kabla ya kulipa, tia mkono ndani ya kitambaa ukikinge juani. Vidole vikionekana, kitahitaji bitana au shimizi ya chini. Apandaye Mbaga au Chome wakati wa baridi aongeze sweta refu, wala hana haja ya gauni jingine.

Pili ni kipimo. Gauni refu la mtu mzima hutaka mita 3 au 4, kwa kadiri ya urefu wake na upana wa kitambaa. Kwa fundi usisimame tu kama mlingoti: keti, inama, inua mikono. Nguo isitirio mtu akiwa amesimama na kumwacha akiinama haijashonwa bado. Pindo liachwe pana, ili mwakani liweze kuteremshwa. Apandaye bodaboda avae suruali pana chini ya gauni, na akusanye pindo lisiingie katika gurudumu. Apikaye afunge mikono ya nguo mbali na jiko.

Tatu ni umri na mahali. Vimetameta na lesi ni vya arusi, si vya sokoni wala kazini. Rangi moja iliyotulia, au maua madogo, pamoja na mtandio wa pamba unaoafikiana nayo, humpendeza binti kuliko mkufu wa dhahabu. Baibui ni stara njema, lakini likibanwa kiunoni na kujazwa vito limekwisha kuacha kazi yake. Na kanga, ambazo ndizo fahari yetu, zisomwe jina kabla ya kuvaliwa. Yako majina ya dua na shukrani, na yako mafumbo ya wake wenza na majirani. Binti wa miaka ishirini ana ugomvi gani wa kutembea nao mgongoni?

Nne ni fedha. Magauni mawili yaliyoshonwa vema ni bora kuliko saba ya kubahatisha. Mtumba si aibu, maadamu umekaguliwa mishono, ukafuliwa kwa maji ya moto, na kurekebishwa na fundi. Surat Al-Furqan, aya ya 67, imewasifu watu wasiofuja wala kufanya ubahili. Nanyi akina baba, ubahili ni dhambi kama ufujaji ulivyo. Kumngojea mkwe amvike binti yako ni kumwachia mtu usiyemjua haki iliyo juu yako.

Na lililo kubwa kuliko yote: mama, au shangazi, afuatane na binti dukani na kwa fundi, amwachie achague, naye amshauri. Binti aliyechagua mwenyewe vazi lake la stara hulivaa hata asipoonwa na mtu.

Yule binti wetu, shangazi yake alimpeleka Same, wakanunua kitambaa cha pamba cha kijani kibichi na kingine cha maua. Siku aliyorudi darsani tulimwomba radhi mbele ya wale wale waliotusikia tukimkemea, kwani haya ya hadharani haifutwi kwa maneno ya faragha. Alisema, "Nimesamehe, Maalim," akaketi mahali pake. Gauni lilimkaa vema. Hatukulisifu, maana si kazi yetu. Lakini tuliwasikia wenziwe wakimwuliza jina la fundi.

Basi ndugu msomaji, kabla hujamkemea binti yako leo, mwombe akufungulie sanduku lake la nguo.

Mwenyezi Mungu atusitiri sisi na watoto wetu duniani na akhera. Amin.