Wapagazi wa Bara (4): Siku ya Kwanza Isiwe Ndefu

Tangu waasi wa M23 waingie Goma, upande wa Kongo, mwishoni mwa Januari 2025, wapenda milima waliozoea kulala Gisenyi na kuvuka mpaka asubuhi kwenda kupanda volkano ya Nyiragongo wanabaki upande huu wa Rwanda, kando ya Ziwa Kivu. Ninaokutana nao siku hizi wanashika Njia ya Kongo-Nile, kilomita 227 za vilima kutoka Rubavu hadi Rusizi. Uamuzi huo ni wa busara. Kinachonisikitisha ni jinsi wanavyoianza. Siku ya kwanza tu wanataka wafike mbali, na hema, majiko na madumu ya maji vyote viko juu ya kijana waliyemwajiri asubuhi hiyohiyo.

Msomaji aliyefuatana nami tangu sehemu ya kwanza anajua kwamba watu wa pwani walikwisha kulitatua jambo hili zamani. Msafara uliotoka Bagamoyo au Pangani haukwenda mbali siku ya kwanza. Stanley alipoondoka kumtafuta Livingstone mwaka 1871, kambi yake ya kwanza ilikuwa Shamba Gonera, mwendo wa kama saa moja na nusu kutoka Bagamoyo. Wala huo haukuwa uvivu. Mzigo wa mpagazi ulikaribia frasila mbili, kilo thelathini na ushei, bado hujahesabu mkeka wake, chungu chake na posho yake. Mwendo mfupi wa siku ya kwanza ulifichua nani kafunga vibaya, sanduku gani linachubua bega, nani kabebeshwa kupita wenzake kwa kuwa ni mgeni asiye na wa kumsemea. Aliyesahau kitu alirudi mjini kukichukua. Aliyekula malipo ya mbele akatoroka alitafutwa mapema, kwao kungali karibu.

Ufungaji nao ulikuwa elimu. Mtumba wa nguo ulibanwa ukawa mrefu kama mto wa kulalia, ukakazwa kwa fito ili usipinde njiani. Mnyamwezi aliubeba begani, na Mswahili alibeba kichwani juu ya ngata. Ugomvi wa kugawana mizigo uliwahi kuzima safari nzima, na kirangozi, kiongozi wa msafara, mwenye akili aliona heri uishie kambi ya kwanza, watu wangali na nguvu na maneno hayajawa machungu.

Kwa watu wa Rubavu, mfano ulio karibu zaidi ni ule wa Mjerumani Götzen. Vitabu vinamsifu kuwa Mzungu wa kwanza kufika Ziwa Kivu na kupanda Nyiragongo, Juni 1894. Aliondoka Pangani Desemba 1893 na mamia ya watu, akavuka Kagera, akapokewa na mwami Kigeri Rwabugiri, kisha akapenya misitu ya Kongo na kutokea upande wa Atlantiki kabla mwaka 1894 haujaisha. Jina lake lilipewa meli, ileile tuijuayo leo kuwa Liemba katika Ziwa Tanganyika. Mwaka 1905 ndiye aliyekuwa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani Vita vya Maji Maji vilipozuka, na damu iliyomwagika huko kusini haisahauliki. Je, watu waliomfikisha Kivu? Hema aliyolala kwenye baridi ya volkano hiyo haikupanda yenyewe. Mtu wa Pangani, aliyezaliwa penye joto la minazi, alipanda na mzigo mahali ambapo hata wenyeji walipaogopa. Hakuna meli iliyopewa jina lake.

Tusiambiwe kwamba zama zile haikuwezekana kuwakumbuka. Chuma, Susi na wenzao, waliobeba maiti ya Livingstone kutoka kwa Chitambo hadi Bagamoyo, walitengenezewa nishani na Jumuiya ya Kijiografia ya London. Palipo na nia, majina huandikwa. Wapagazi wa vita vya 1914–1918, ambao kwao sehemu moja haitoshi, nitawafikia wiki ijayo.

Basi anayetoka Rubavu leo afanye nini? Apite kiwanda cha Bralirwa, alale Nyamyumba, karibu na chemchemi za maji moto. Ni mwendo mfupi. Jioni ataona mitumbwi ya kuvua sambaza, samaki wadogo wa ziwa hilo, ikitoka mitatu mitatu, imeunganishwa kwa miti mirefu, wavuvi wakiimba. Hapo afungue mizigo yote na kuipima mbele ya wanaoibeba. Kilimanjaro, ambako wapagazi hujiita wagumu, mizigo hupimwa langoni na kikomo ni kilo 20. Sioni kwa nini kijana wa Rubavu abebe zaidi ya hapo. Kinachozidi kirudishwe mjini, au aajiriwe mtu wa pili na alipwe sawa na wa kwanza. Na katika daftari la safari, kabla ya kuandika urefu wa njia na hali ya hewa, yaandikwe majina yao kamili, kama wanavyoyataja wenyewe.