Msitupe Diski ya Zip Yenye Hesabu za Kikundi

Ndugu wanakikundi, diski ya Zip ya Iomega ilitoka mwaka 1995, nayo hubeba megabaiti 100. Tutaisomaje leo?

Chombo cha Zip chenye plagi ya printa kinasumbua. Laptopu za sasa hazina tundu lake, na waya wa kugeuzia plagi ya printa kuwa USB kwa kawaida huhudumia printa tu. Tena kinataka draiva yake, yaani programu ya kuwezesha kompyuta kuongea na chombo.

Basi tutafute chombo cha Zip cha USB. Windows ya siku hizi kwa kawaida hukitambua yenyewe.

Kikilia ka-ka-ka, tusiingize diski nyingine, itaharibika.

Hesabu zikisomeka, tunakili mara mbili: nakala moja kwa katibu, nyingine kwa mweka hazina.