Radi Ikinguruma, Acha Baruti

Ndugu mtumikaji, nawe mama unayemngojea nyumbani,

Ukisimama Himbi jioni ya mvua, unaona umeme ukimulika juu ya Ziwa Kivu. Watoto wanaufurahia. Lakini kwa mtu mwenye baruti mkononi, umeme ule ni adui. Na kwetu ni mwingi: hesabu ya setilaiti iliyotangazwa mwaka 2016 ilionyesha kwamba Kabare inapata miale 205 ya radi kwa kila kilometa mraba kwa mwaka. Afrika nzima hapakuonekana mahali palipoizidi.

Kwa nini umeme na baruti havipatani? Ifungue fataki kwa mawazo tu, si kwa mikono! Ndani mna waya mwembamba kama unywele, na juu yake unga uliochanganywa. Umeme ukipita, waya unapata moto, unga unawaka, fataki inalipuka. Unga hauulizi umeme umetoka wapi: kwa mashine ya mlipuaji, kwa radi, au kwa mwili wako.

Ndiyo, mwili wako. Nguo ya nailoni ikisuguana, au unga ukipita kwa kasi ndani ya bomba, umeme unakusanyika. Unaweza kubeba volti 2,000 bila kusikia kitu, na cheche yake ikawasha unga mkavu. Tena moto huo wenyewe unazaa umeme: joto kali linavunja chembe za unga kuwa vipande vyenye chaji, na ulimi wa moto unageuka njia ya kupitisha umeme.

Basi shika haya matatu:

1. Ukisikia ngurumo, acha kupakia baruti, ondoka, na zuia wengine wasiingie. Kila sekunde 3 kati ya mmuliko na ngurumo ni kilometa 1, lakini usingoje ikaribie. Aliye chini ya ardhi naye aondoke penye baruti, maana reli, mabomba na nyaya vinaingiza umeme mpaka ndani.

2. Ncha mbili za waya wa fataki zikae zimefungwa pamoja mpaka mlipuaji mwenyewe azifungue.

3. Vaa nguo za pamba. Kabla ya kushika fataki, gusa kwanza chuma kilichounganishwa na ardhi.

Sasa nyumbani. Mama, ukiona kibomba kidogo kinachong'aa, chenye nyaya mbili, usikiguse, wala usikitupe chooni au ziwani. Ondoa watoto, kisha mwite mkubwa wa usalama. Mtoto akikiunga na betri ya tochi, vidole na macho vinapotea mara moja.

Na wewe baba uliyekisahau mfukoni, usifiche. Heri aibu ya siku moja kuliko mtoto kipofu maisha yake yote.