Chaja ya batri kwa mtumbwi wa ndagala: tuchague namna gani?

Kwenye mitumbwi mingi ya ziwa Tanganyika, toka Uvira na Baraka mpaka Kalemie na Moba, taa ndogo za umeme zimechukua nafasi ya zile taa za pompi. Ndagala wanafuata mwangaza, na mwangaza sasa unatoka kwa batri. Batri ikizimika saa nane za usiku, wavuvi wanarudi na vikapu vitupu, na esansi wamekwisha kuichoma. Ndiyo maana koperative zinatuuliza sana: tununue batri gani? Ni ulizo zuri. Lakini chaja, ao sharjeri kama wengi wanavyoiita, inanunuliwa mwisho, kwa franka zilizobaki, na hapo ndipo batri nyingi zinauawa.

Tufanye hesabu. Tuseme mtumbwi uko na taa 5, kila moja wati 10. Jumla ni wati 50. Tukigawanya kwa volti 12, tunapata ampere 4 na kidogo. Usiku wa masaa 8 unakula karibu ampere-saa 35. Batri ya asidi ya ampere-saa 70 itaweza, lakini itabaki nusu, na haifai kuishusha chini ya nusu kila siku. (Batri ya motokari ni mbaya zaidi kwa kazi hii: ilitengenezwa kuwasha moteri kwa muda mfupi, si kuangaza usiku kucha.) Asubuhi inabidi kurudisha ampere-saa 40 hivi, kwa sababu sehemu moja inapotea wakati wa kujaza.

Sasa tuangalie ampere zilizoandikwa kwenye chaja. Ile ya ampere 4 ni bei ya chini, lakini itaomba masaa 10 na zaidi. Nani ana gurupu inayozunguka masaa 10 mchana? Jioni mtumbwi unatoka tena na batri haijajaa. Kesho inashuka zaidi, na kidogo kidogo inakufa. Chaja ya ampere 10 itarudisha sehemu kubwa kwa masaa 4, kisha itapunguza nguvu na kumaliza pole pole, jumla kama masaa 6. Kwa batri ya asidi ya 70, tunashauri kati ya ampere 7 na 14. Kupita hapo batri inapata moto bure.

Jambo la pili: chaja ijue kusimama yenyewe. Nzuri inapandisha batri mpaka karibu volti 14,4, kisha inashuka kwenye 13,5 hivi na kuitunza hapo. Mbaya inaendelea kusukuma tu, maji yanachemka na kukauka, mabamba ya ndani yanaharibika. Zile waya za volti 12 zinazotoka kwenye gurupu ndogo, nazo kwa kawaida hazisimami. Basi sokoni mwende na kipima-volti na batri iliyojaa. Mkiunga chaja katika kujaza kwa kawaida na kipimo kikapita volti 15, mwachieni muuzaji mali yake.

Batri ya jeli na ile ya lithiamu zinaomba chaja yenye kuandikwa jina lao. Msikubali maneno ya « inaenda na zote » kama haina kitufe cha kuchagua.

Na siku za mbalamwezi? Hapa hasara ni kubwa na haionekani. Mwezi ukijaa wavuvi wanapumzika, batri inawekwa pembeni nusu tupu, hata juma moja na zaidi. Batri ya asidi ikilala bila kujaa, chumvi ngumu inashika mabamba yake, na baadaye haikubali tena kujaa hata na chaja nzuri. Muijaze kabisa kabla ya kupumzika. Ikitulia masaa machache bila kitu kuunganishwa, kipimo kionyeshe karibu 12,7. Ikionyesha 12,2, iko nusu tu.

Chaja zenye kuandikwa « ya boti » ni za bei kubwa kwa sababu zinafungwa ndani ya boti na kuvumilia maji. Kama batri yenu inabebwa mpaka nchi kavu, kwa maoni yetu hamna lazima nayo.

Penye jua, pano inaweza kufanya kazi ya chaja, lakini ile ya wati 100 haitarudisha 40 kwa siku moja. Hesabuni 150 ao 200. Na isiungwe kamwe bila regilateri, maana pano ya volti 12 inaweza kufika volti 20 na zaidi.

Mjazie batri mahali penye hewa, mbali na moto na sigara, kwa sababu gesi inayotoka inalipuka. Kwanza unga waya nyekundu na nyeusi kwenye batri, kisha washa umeme. Wakati wa kutoa, zima umeme kwanza. Na batri ya kufunguliwa inaongezewa maji safi ya batri tu, si maji ya ziwa.