Kweli au Si Kweli: Radi na Waya wa Pampu huku Mata

Chipu ya mawasiliano ina miguu minane na haizidi ukucha wa kidole cha mwisho. Tumbo lake lilikuwa limepasuka, na bodi chini yake imeingia doa jeusi. Nilikuwa nimefungua sanduku la kidhibiti cha pampu ya kisima huku Mata, asubuhi baada ya mvua. Pampu nzima, paneli za sola nzima. Lakini habari za tangi la kule juu hazikufika tena, na pampu isiyojua kama tangi limejaa hubaki imezimwa. Kina mama walikuwa wamesharudia madumu.

Waya unaoleta habari hizo kwenye chipu ni wa RS-485, mtindo wa mwaka 1983 ambao bado umejaa viwandani na kwenye pampu kwa sababu hufika hadi mita 1,200. Kuhusu kinachoiua chipu hiyo, nasikia mengi.

“Radi haikupiga hapa, basi si yenyewe.” Si kweli. Ikianguka mita mia moja mbili kutoka hapo, waya mrefu huipokea kama antena, na kinachoingia chatosha kupasua chipu.

“Fyuzi ipo.” Si kweli. Fyuzi lazima kwanza iyeyuke, na radi hufika ikaondoka kabla ya hapo.

“Kila jengo lina fimbo yake ya shaba ardhini, tuko salama.” Hili ndilo linaloniuma, kwa kuwa husemwa na mafundi wazuri. Fimbo ni za lazima. Lakini waya wa mawasiliano ukiunganisha majengo mawili yenye fimbo mbili, umeitengenezea radi njia. Radi ya kawaida hubeba ampia 30,000 hivi. Sehemu ya kumi tu, ampia 3,000, ikishukia fimbo yenye ukinzani wa omu 10, ardhi ya hapo hupanda volti 30,000 kwa kufumba na kufumbua. Ardhi ya tangini, mita 400 kutoka hapo, haijapanda. Tofauti hiyo itapita wapi kama si kwenye waya? Na chipu imeundwa kuvumilia volti 12 juu ya sifuri na 7 chini yake, basi. Kwa udongo mkavu kama wetu, kuzipata hizo omu 10 kwenyewe ni kazi.

Ndani ya jengo moja, ardhi ya umeme na ya mawasiliano zifungwe pamoja. Kati ya jengo na jengo, weka kitenganishi kinachopitisha ujumbe kwa mwanga badala ya shaba, pamoja na kinga ya radi kwenye ncha zote mbili: kichupa cha gesi kibebe mzigo mkubwa, daiodi nyuma yake imalizie masalio. Ukiweka ncha moja, umelinda ncha moja.

“Faiba haidhuriwi na radi.” Kweli, kioo hakipitishi umeme. Hakikisha tu kebo haina uzi wa chuma ndani.

“Wingu likijikusanya juu ya Milima ya Upare, chomoa.” Kweli, na ni bure. Chomoa waya wa umeme na wa mawasiliano pia, maana wengi husahau huu wa pili. Ila fanya mapema. Ngurumo ikishasikika, usiushike tena waya ule.